Mchoro wa Arnolfini kwenye turubai: kazi ya duka moja la uchapaji Makoroboi, Mwanza

Mchoro huu unamwonyesha mfanyabiashara Arnolfini na mwanamke wamesimama chumbani, na duka limeuchapa kwenye kitambaa cha turubai. Rangi wameipatia kwelikweli. Kijani cha gauni la mwanamke, ambacho printa nyingi hukifanya kiwe kama cheusi, kimetoka na mikunjo yake yote. (Wengi hudhani ni mjamzito. Ameshikilia tu kitambaa kizito mbele ya tumbo, ndivyo magauni ya wakati ule yalivyovaliwa.)

Tatizo ni vipimo. Mchoro halisi wa mchoraji Jan van Eyck, ulioko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, ni sentimeta 82.2 kwa 60. Duka limezoea fremu za 90 kwa 60, hivyo picha imemegwa karibu sentimeta 3 kila upande. Kitanda chekundu kimepungua, na machungwa ya dirishani, ambayo huko Bruges (mji wa Ubelgiji ya leo) mwaka 1434 yalikuwa anasa ya matajiri, yamesukumwa ukingoni. Agiza fremu ya 82 kwa 60. Wanakata, ukiwaambia mapema.

Kabla ya kulipa, kagua kioo cha mviringo ukutani. Humo mnaonekana migongo ya hao wawili na watu wengine wawili mlangoni. Juu yake kuna maandishi ya Kilatini: Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Yasiposomeka, faili ni dogo. Peleka lenye pikseli 3,600 kwa 4,900 au zaidi.

Kwa nyumba za karibu na ziwa, bandika vipande vya mpira nyuma ya pembe nne hewa ipite, la sivyo kuvu huota kwenye turubai.