Kanda za harusi za mama: fundi wa kaseti wa Langoni, Lamu

Kwa nyinyi mlioniuliza kanda zangu nimezihamishia wapi, ni kwa fundi wa redio wa Langoni hapa Lamu. Ukitoka Mkunguni, ule uwanja wa mbele ya ngome, shika Usita wa Mui, ndiyo njia kuu ya mji, uende na upande wa Langoni, duka halina bango, utaona redio za zamani zimepangwa mlangoni na mafeni yaliyofunguliwa. Kazi yake ya kila siku ni redio na feni na chaja, ila anachukua kaseti za zamani anakutilia kwenye flashi. Mimi nilimpelekea 11, na nimetoka Malindi nazo, basi mpaka Mokowe halafu mashua, mfuko nimeupakata njia nzima sikumpa utingo aweke chini.

Nilikuwa na woga manake nishaumwa. Miaka miwili nyuma nilipeleka kanda mbili duka moja, si la Lamu, wakaniambia tutakusafishia dada zitatoka kama mpya, nikarudishiwa nyimbo tupu. Wamekata maneno yote ya watu katikati, wamekata vigelegele, wamekata ile mtu anagonga maikrofoni asikie kama inafanya kazi, na kanda yenyewe moja imekatika wakaiunga na selotepu. Nililia pale pale dukani. Nyimbo mbona ningezipata, waimbaji wa taarabu wote, Zein l'Abdin yuko YouTube, Juma Bhalo yuko, watu wamewapandisha wengi tu Mungu awajazi kheri. Mimi nilichokuwa nakitaka ni hicho walichokitupa.

Nina miaka 49 saa hizi na naona masikio yangu yamebadilika. Zamani kanda ikilia nilikuwa namfuata mwimbaji na udi basi. Sasa nasikiliza nani alikuwa kakaa karibu na redio, nani kakohoa, mtoto wa nani analia. Zile kanda za Zein za baba yangu, na Zein ni mtoto wa hapa hapa Lamu kazaliwa 1939, zilikuwa za aina mbili. Kuna za kununuliwa Mombasa duka la Mbwana Radio Service, hizo sauti imetulia. Halafu kuna zile tulizojinakilia wenyewe, redio mbili zimewekwa zikitazamana, moja inapiga nyengine inarekodi, na sisi watoto tumeambiwa tusipumue. Lakini mtu atapumua tu, kwa hivyo mle ndani kuna udi wa Zein na kuna nyumba yetu yote pamoja, mlango unabamizwa, punda analia ujiani, na mara moja baba anasema "shhh" kwa ukali, na hiyo shhh ndiyo sauti ya pekee ya baba niliyobaki nayo.

Basi nilipofika dukani kitu cha kwanza fundi aliniuliza kabla hata ya bei, "Mama, humu mna za wanawake?" Nkamwambia ndio, nne ni za harusi, za vugo, ile ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, na nyimbo za ndani. Akazitenga pale pale akazitia mfuko mwengine akaufunga. Akanieleza kwamba za wanawake yeye hazisikilizi, anazifanya dadake nyumbani na hedifoni, hazipigwi kwenye spika ya dukani hata kwa kujaribu, na zikishaingia kwenye flashi yako zinafutwa kwenye kompyuta wewe mwenyewe ukitazama. Wallahi nilinyamaza kwa muda. Wale mama waliimba wakijua wanaume hawamo, wengine vichwa wazi, wamejipamba, na maneno mengine ya zile nyimbo ni ya kuambiwa bibi harusi peke yake. Nusu yao wametangulia hawawezi tena kuulizwa ruhusa. Yule kijana ana kama miaka 30 na hilo kalijua bila kufundishwa na mimi, na lile duka la kwanza sijui hata nani alikaa akazisikiliza. Hata kama kazi ingetoka mbaya hapo tu kashanipata.

Na kazi haikutoka mbaya. Kanda zetu za pwani zina maradhi yake, chumvi na joto na unyevu, ukifungua kava unaona ukungu mweupe umekaa kwenye utepe kama unga. Nilidhani unaitia tu inapiga. Kumbe ukiitia hivyo ule ukungu unahamia kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na unaenda kuambukiza kanda nyengine. Yeye anaizungusha pole pole kwa mkono huku kaweka pamba kavu, halafu kila baada ya kanda moja anafuta hedi na spiriti. Kanda tatu aliona hazitoshi kufanywa hivyo akazifungua skrubu tano moja moja, akautoa utepe akauhamishia kwenye kasha jengine zima.

Moja nilikaa nikamtazama. Ilikuwa inasikika mbaaali kama watu wako chini ya kisima, mimi nilishasema hii imekufa. Akainamisha kaseti akanionyesha pale mbele, nyuma ya utepe panatakiwa pawe na kijisponji kidogo kama punje ya mchele mpana kimeshikwa na kibati cha rangi ya shaba, kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na hedi. Changu kimedondoka, gundi imekauka miaka. Akafungua kaseti mbovu ya zamani akakitoa cha humo akanitilia. Halafu akachukua bisibisi nyembamba akawa anazungusha skrubu ndogo ubavuni mwa hedi huku kafumba macho, kidogo huku kidogo kule, akanambia kila redio ilirekodi hedi yake imeinama kivyake kwa hivyo lazima aifuate ile redio ya wakati ule. Skrubu ikapita mahali fulani, ile sauti ya udi ikafunguka, nikasikia mpaka kucha kwenye nyuzi. Ile kanda nimeitunza miaka 30 na zaidi na sikuwa nimewahi kuisikia hivyo.

Na hakuna alichokata. Aliniuliza, "Maneno ya katikati niyaache?" nkamwambia usiguse hata kikohozi. Ule mvumo wa redio kanipunguzia kidogo kwenye mbili tu nilizomkubalia.

Sasa na upande wa pili niuseme, ili mtu asije akakasirika. Aliniahidi siku tano zikawa tisa. Siku mbili stima ilikuwa inakuja na kupotea, na kaseti ya saa moja inataka saa moja nzima haina njia ya mkato, stima ikikatika katikati anaanza mwanzo. Hilo nimelielewa ila angenipigia simu, nilikuja mara mbili bure. Risiti hana, anaandika nambari kwenye kikaratasi anakibandika kwenye kava na nyengine anakupa wewe, usiipoteze. Mafaili yanakuja yameandikwa kanda 01, kanda 02, kuyapa majina utakaa mwenyewe. Pia mara ya kwanza alinitilia MP3, hiyo sauti imebanwa na nyengine imetupwa, nikamrudisha anifanyie WAV ambayo haibanwi. Sema hivyo mapema. WAV ni kubwa, hesabu kama MB 10 kila dakika, zangu 11 zimekula karibu GB 8, nenda na flashi ya 16 utatosheka. Mtu akitaka za kurushiana WhatsApp basi MP3 atengeneze baadaye kutoka kwenye hiyo, ukianza na MP3 ile sauti iliyotupwa hairudi tena.

Bei ilikuwa 350 kwa kanda, zile tatu za kufunguliwa 500. Jumla 4,300, nililipa nusu mwanzo kwa M-Pesa na nusu nilipochukua. Kwangu mimi si nyingi.

Siku niliyochukua, baada ya isha, tukakusanyika kwa ma mkubwa, wanawake watupu, kiwandani yaani uani mwa nyumba, na spika ndogo ya Bluetooth juu ya kigoda. Nikaweka ile ya Agosti 1988, harusi ya ma mdogo, mimi nilikuwa na miaka 12. Ikaanza vugo, zile pembe zinagongwa, kwanza mbili halafu nyingi, na miguu ya watu inapita ujiani. Halafu katikati ya ubeti, karibu kabisa na redio, sauti ya mama, "Birika kachukua nani? Kahawa inapoa!" Mama amefariki 2014. Si maneno ya kusema mtu atayatunza, ni birika tu. Ma mkubwa akanishika mkono akasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Nikarudisha mara nne.

Tulipoendelea wakawa wanatajana, huyu ni fulani, Allah amrehemu, huyu ni fulani yuko Mombasa, sio yeye bwana yule sauti yake nzito, wakabishana kweli kweli juu ya mtu mmoja mpaka jirani akaitwa aje aamue. Na kuna kitu sikukitarajia. Ile kanda ni ya dakika 90, ikifika 45 upande unaisha, na mwenye redio siku hiyo alichelewa kugeuza kwa hivyo wimbo umekatika na ukirudi uko mbele sana. Ikafika pale ikakatika. Hawakungoja. Ma mkubwa ana miaka 79, akachukua kijiko akawa anagonga kifuniko cha chupa ya chai mdundo ule ule wa pembe, na wenzake wakaimba beti tatu zilizokosekana, wote, bila mtu kumkumbusha mwenzake neno, mpaka ile spika yenyewe ikawakuta wako mbele yake. Simu ilikuwa mkononi mwangu na sikurekodi, nilikuwa naitikia na mimi.

Kwa hivyo nendeni, lakini msizifunge kanda kwenye mfuko wa plastiki zikae humo siku nyingi zinatoa jasho, zifungeni kwenye kitambaa. Kama ni za wanawake mwambieni mapema. Ma mkubwa kashanipa zake mbili, zilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, Jumamosi kabla sijapanda mashua ya Mokowe nampitishia.