Maembe Malindi: vibarua wako, au dalali achume mwenyewe?

Kila msimu swali hili hurudi. Kwa gharama, dalali anayenunua yakiwa mtini anakuondolea mzigo: huja na wachumaji wake, kreti na gari. Vibarua utawalipa wewe, hata bei ikianguka. Uhakika wa pesa? Dalali pia, mradi alipe kabla mtu hajapanda mtini.

Lakini hali ya mti na tunda, hapo nasimama na vibarua. Wachumaji wa dalali wana haraka. Hutikisa matawi, embe likaanguka na kupondeka. Kibarua wako utamsisitizia atumie ufito wenye mfuko wa wavu, aache kikonyo kidogo, utomvu usiunguze ganda la ngowe, aina ya embe la Pwani.

Una miti mitatu na unaishi Mombasa? Dalali. Unakaa Mambrui, karibu na Malindi, na mnunuzi unaye? Ita vibarua.