Kanisa la Mkunazini, Zanzibar: nenda kwa ajili ya masimulizi

Kama una nusu siku tu Mji Mkongwe, itumie Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana. Na uchukue mtembezaji wa palepale. Bila yeye utaona jengo la zamani lenye mnara, utapiga picha, utaondoka zako.

Hapo palikuwa na soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, na aliyeusimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, pembeni pamezungushiwa nyekundu. Wanasema ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa ili wanunuzi wapime nani mstahimilivu. Nyekundu ni damu. Katika kundi letu hakuna aliyelikanyaga, wala hakuna aliyekatazwa.

Kilichonifurahisha zaidi kiko nyuma, karibu na birika la ubatizo. "Dada angu, hebu tazama nguzo hizi toka juu mpaka chini," mtembezaji akaniambia, kisha akanyamaza kabisa. Nikatazama weee, sikuona kitu. Akacheka, akanionyesha: zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu! Inasimuliwa kwamba Askofu alisafiri, mafundi wakaendelea na kazi kwa akili zao, na aliporudi akaamua ziachwe hivyohivyo. Ukishaelekezwa, macho hayabanduki tena. Paa nalo lina kisa chake. Limejengwa kama nusu pipa, kwa zege la mawe ya matumbawe na saruji, na inasemekana watu waliapa kwamba litawaangukia. Limesimama hadi leo, na Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya altare. Nilipenda kwamba huyuhuyu ndiye aliyekusanya hadithi za Waswahili wa Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Sasa na yeye anasimuliwa.

Kisa cha saa ya mnara ndicho kilichonishinda kukimeza. Eti Sultani alimzawadia Steere saa hiyo kwa sharti kwamba mnara usiizidi Beit al-Ajaib, jumba lake la kifahari, kwa urefu. Lakini Beit al-Ajaib ni ya mwaka 1883, na Steere alifariki 1882! Nilipomuuliza mtembezaji, alisema hata yeye alisimuliwa hivyo na waliomtangulia. Jibu la kiungwana.

Msalaba wa mbao uliomo kanisani unasemwa umetokana na mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao moyo wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulizikwa chini yake.

Vyumba vya chini ya ardhi vitakutesa kidogo: dari liko chini, lazima uiname, na hewa ni nzito. Huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri siku ya soko. Wapo wanahistoria wanaolipinga hilo, kwa sababu jengo la juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Ningependa wageni waambiwe pande zote mbili, maana ukatili wa biashara ile hauhitaji kuongezewa chumvi. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden. Hapo hata waliokuwa wakipiga soga walikaa kimya.

Ushauri wangu: anza na maonyesho ya historia, ushuke vyumbani, kanisa liwe la mwisho, na uliingie bila haraka. Nenda asubuhi kabla makundi makubwa hayajajaa. Vaa nguo ya heshima, mabega na magoti yafunikwe. Hili bado ni kanisa la watu kusali, kwa hiyo ukikuta ibada, kamera iweke mfukoni.