Tairi la mbele la mistari, saizi 2.75-18, baada ya kilomita 11,000 katika milima ya Kigoma

Tairi ninalolitathmini hapa ni la mbele la pikipiki, saizi 2.75-18, la kutumia tyubu, lenye mistari inayozunguka tairi zima na mifereji mirefu katikati yake. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha rimu, pia kwa inchi. Nililinunua katika duka la vipuri pale Mwanga, mjini Kigoma, kwa shilingi 48,000 pamoja na tyubu, nikalifunga kwenye pikipiki yangu ya CC 125, na mpaka ninapoandika limekwisha kutembea kilomita 11,000 na ushei. Silitaji kwa jina la kiwanda, kwa sababu mchoro huu wa mistari hutengenezwa na viwanda vingi, na katika maduka yetu unaweza kuukuta mwezi huu kwa jina moja na mwezi ujao kwa jina jingine. Ninachokipima ni aina yenyewe ya tairi, pamoja na swali ambalo wenzangu wa kazini huniuliza kila wanaponiona nimechuchumaa mbele ya gurudumu: tairi la mbele linabadilishwa lini?

Kazi yangu ya ugani hunipandisha mara tatu au nne kwa wiki kutoka Mwanga hadi Mwandiga, kisha kwa barabara ya lami inayokwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi, mpaka kwa wakulima wa kahawa wa Kalinzi. Kupanda si tatizo kwa tairi la mbele, kwa kuwa linalosukuma ni la nyuma. Kazi yake huanza wakati wa kurudi, pale mteremko mmoja unapokabidhi mteremko mwingine, kona zikifuatana, mkono wa kulia ukiwa haubanduki kwenye breki. Ndugu yangu aliyeko Tabora ana pikipiki kama yangu, na tairi lake la mbele hulika katikati tu, likawa bapa kama kisigino cha kiatu, kwa sababu barabara ya kwenda Nzega imenyooka na breki huigusa kwa nadra. Langu hulika kwa breki. Kwa hiyo anayesoma tathmini hii akiwa kwenye nchi tambarare azichukulie namba zangu kwa tahadhari, kwa maana kilomita 11,000 za huku hazilingani na kilomita 11,000 za huko.

Kabla ya hili nilikuwa na tairi la vibonge, yaani lenye uso wa vipande vya mpira vilivyosimama kimoja kimoja, lile ambalo vijana wa bodaboda hulisifu kwa kashata zake kubwa. Lilinipeleka vizuri kwenye njia za mashambani, na lilipofika kilomita 9,000 hivi bado lilionekana zima machoni mwangu. Vibonge vilikuwa vimesimama, mifereji ilikuwa wazi, na hapakuwa na mahali palipokuwa kipara. Nilichokuwa nikikihisi ni mtetemo mdogo kwenye usukani nikiwa kwenye mwendo wa hamsini, pamoja na mlio wa kuunguruma ambao niliudhania kuwa wa beringi. Siku moja ya mwezi Machi, mvua ikiwa imekatika dakika chache tu, nilikuwa nikiteremka kuelekea Mwandiga, nikakuta kwenye kona tope jekundu ambalo magari yaliyotoka shambani yalikuwa yamelimwaga juu ya lami. Nilibana breki ya mbele kidogo, si kwa nguvu, na usukani ukawa mwepesi ghafla, kama umeshika mpini wa jembe lililochomoka. Gurudumu liliteleza kiasi cha hatua moja kabla ya kukamata tena. Sikuanguka, lakini nilisimama kando ya barabara kwa muda mrefu kabla ya kuendelea.

Fundi niliyempelekea pikipiki kesho yake hakuliangalia tairi hata mara moja. Aliisimamisha kwenye stendi ya kati, akamwambia kijana wake akalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, akalizungusha polepole, kisha akaniambia, "Afisa, weka kiganja hapo, halafu fumba macho." Nikaweka kiganja, akalizungusha kuelekea mbele. Mkono ulipita laini. Akalirudisha kinyume, na safari hii kila kibonge kilinikwaruza kama jino la msumeno. Kumbe kila kibonge kilikuwa kimeliwa ukingo mmoja na kubaki kirefu ukingo wa pili, na mahali pawili pa tairi palikuwa na mabonde ambayo jicho halikuyaona ila kiganja kiliyaona mara moja. Mtetemo niliokuwa nikiuhisi ulitoka hapo, na hata ule mlio.

Sababu aliyonieleza naiamini, kwa kuwa nimeishuhudia tangu wakati huo. Unapobana breki ya mbele, barabara hukivuta kibonge nyuma huku rimu ikikivuta mbele, nacho hupinda na kusuguliwa ukingo mmoja kuliko mwingine. Upepo ukiwa mdogo kibonge hupinda zaidi. Shokapu ikiwa imechoka, gurudumu hudundadunda badala ya kutembea, na kila linapotua hukwangua mahali pake. Tuliposhusha macho kwenye shokapu yangu ya kushoto tulikuta sili inavuja, na oili imeteremka mpaka kwenye kitovu cha gurudumu. Bila kuibadilisha sili hiyo na kutia oili mpya, tairi jipya lingeliwa vilevile. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewaona watu wakibadilisha matairi mawili kwa mwaka wakilaumu ubora wa mpira, na kumbe mwenye kosa ni shokapu iliyo juu yake.

Sasa nilirudie tairi la mistari. Kwenye lami kavu limeniridhisha kabisa. Mstari unaozunguka bila kukatika haupindi kama kibonge kilichosimama peke yake, na kwa hiyo hata baada ya kilomita zote hizi kiganja changu hakijakuta meno ya msumeno, ila dalili kidogo sana pembeni, upande wa kulia. Usukani umetulia. Kwenye kona za mteremko gurudumu hufuata mahali nilipolielekeza, na kwenye lami yenye maji limekuwa jema kuliko lile la vibonge. Mifereji yake mirefu huyapa maji njia ya kutokea, na jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa tairi la mbele ndilo linalokutana na maji kwanza, na la nyuma hupita mahali palipokwisha kupanguswa.

Kwenye changarawe ni la wastani. Kwenye matope ni dhaifu, na sitaki kulificha hilo. Nikiiacha lami na kuingia kwenye vijia vya kwenda mashambani wakati wa masika, udongo mwekundu hujaa kwenye mifereji, tairi likageuka kuwa kama ndizi iliyomenywa, na nimelazimika zaidi ya mara moja kushuka na kuisukuma pikipiki. Mtu ambaye kazi yake yote iko huko, au anayebeba mizigo kwenye barabara za udongo za vijijini, asilinunue. Anunue la vibonge, ila akubali kulikagua mara kwa mara na kulibadilisha mapema.

Kuhusu kina cha mifereji, nimekuwa nikikipima kwa njiti ya kiberiti. Ninaisimamisha ndani ya mfereji, ninaweka ukucha pale inapotokeza, kisha ninaipeleka kwenye rula. Tairi lilipokuwa jipya nilipata milimita 5. Lilipofika kilomita 6,000 nilipata karibu 3.5, na wiki iliyopita nilipata 2 katikati na zaidi kidogo pembeni. Ukiuchunguza ubavu wa tairi utakuta mahali fulani pameandikwa TWI, yaani alama ya kuonyesha uchakavu wa tairi, au pamechorwa pembetatu ndogo. Ukifuata usawa wake mpaka ndani ya mfereji utaona kitu kama kizingiti cha mpira. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kizingiti hicho kina kimo cha milimita 0.8 hivi, na sehemu inayotembea ikishuka hadi kulingana nacho, tairi limekwisha bila mjadala. Nchini Uingereza sheria inataka pikipiki inayozidi CC 50 iwe na angalau milimita 1 katika robo tatu ya upana wa tairi.

Mimi sisubiri hapo. Kwa tairi la mbele, kwenye milima yenye mvua kama yetu, mpaka wangu ni milimita 1.5, na ikiwa masika yako mlangoni ni milimita 2. Wapo wanaoniambia ninatupa mali. Jibu langu ni kwamba gurudumu la nyuma likiteleza, dereva aliyetulia anaweza kuachia breki, kulinyoosha na kuendelea; la mbele likiteleza, usukani haupo tena, na mtu huwa chini kabla hajatambua kilichotokea. Isitoshe, unapobana breki uzito wa pikipiki, wako na wa abiria wako huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Kwa hiyo inanisikitisha sana kuona desturi ya kulitoa tairi la nyuma lililochakaa nusu na kulihamishia mbele "limalizikie huko". Tairi hilo limekwisha kuwa bapa, kwa hiyo linaukataa mlalo wa kona, na mara nyingi limetengenezwa kwa umbo na mshale wa mzunguko unaofaa kazi ya nyuma.

Kwa kuwa tairi la mbele hulika polepole kuliko la nyuma, kuna adui mwingine ambaye hulifikia kabla halijaisha, naye ni umri. Kwenye ubavu utakuta namba nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3722 ni wiki ya 37 ya mwaka 2022. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likitimiza miaka mitano ya matumizi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Dukani pale nilipewa kwanza tairi lililokuwa limetundikwa barazani. Nilipolikunja kidogo ubavu kwa vidole gumba viwili, nyufa nyembamba zilifunguka mfano wa mistari ya kiganja, na rangi yake ilikuwa imeelekea kijivu. Jua na hewa vilikuwa vimelikausha. Niliomba la ndani ya duka, na muuzaji, namshukuru, hakunung'unika. Alipanda ngazi akalishusha lenye tarehe ya miezi saba tu nyuma.

Huduma ya kulifunga niliilipia shilingi 3,000, na kwa sehemu kubwa ilikuwa nzuri. Fundi aliusoma mshale wa mzunguko, aliisugua rimu kutu, na alilipanga tairi hivi kwamba doa dogo la rangi lililoko ubavuni likae mkabala na mdomo wa tyubu, kwa sababu doa hilo huonyesha sehemu nyepesi ya tairi, na mdomo wa tyubu huongeza uzito upande wake. Ni mafundi wachache wanaojisumbua na hilo. Kasoro ilikuwa kwenye upepo. Alijaza, akabonyeza kwa kidole gumba, akasema tayari. Nilipoweka kipimo changu kilisoma psi 38, ilhali kijitabu cha pikipiki yangu kinataka 25 mbele. Tairi lenye upepo uliozidi hivyo hugusa barabara kwa utepe mwembamba, hulika katikati, na husimama vibaya. Tuliupunguza pale pale. Tangu siku hiyo ninapima kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, kwa kuwa likishatembea hupata joto na kipimo hudanganya. Vilevile niliendesha taratibu kwa kilomita 150 hivi za mwanzo, nikiongeza mlalo wa kona kidogo kidogo, kwani uso wa tairi jipya huwa na utelezi mpaka usuguliwe na barabara.

Kwa bei yake na kwa njia ninayopita, nalipatia tairi hili nyota nne kati ya tano. Nyota moja imezama kwenye matope ya vijia vya Kalinzi, na huko sioni jinsi tairi la mistari la kiwanda chochote litakavyoirudisha. Kwa hesabu za njiti yangu lingeweza kunifikisha kilomita 12,500 au hata 13,000 kama ningelimaliza wakati wa kiangazi. Lakini tuko Septemba, mvua za Oktoba zinanukia juu ya ziwa, na njiti inasoma milimita 2. Juzi nilipita dukani nikaacha shilingi 20,000 za kuniwekea jingine la aina hiihii, la ndani ya duka, na Jumamosi nitalifuata pamoja na sili mbili za shokapu.