Chai ya usingizi ya Wajerumani, inanuka ila nimeikubali

Kwa wale tunaopiga shifti za usiku huku Ujerumani, asubuhi mwili umechoka hoi ila macho makavu kabisa, hii inawahusu. Kuna chai inaitwa Schlaf- und Nerventee, ipo kwenye maduka ya vipodozi na vitu vya usafi kama dm na Rossmann, mpaka famasi, na bei yake haiumizi.

Aisee harufu! Ukichana tu kipaketi utadhani kuna mtu kavua soksi za wiki nzima hapo ndani. Ni ule mzizi wa valeriani, kwenye boksi wanaandika Baldrian, na ndo dawa yenyewe hiyo, kwahiyo ukikuta boksi linanukia vanila tupu shtuka kidogo. Usidanganywe na picha za mwezi na nyota, tafuta palipoandikwa Arzneitee, maana hiyo inasimamiwa kama dawa na ubavuni wanakuandikia kila mmea umo kiasi gani. Zile nyingine nyingi ni kinywaji tu. Yangu mimi ina valeriani, melisa ambayo ni jamii ya mnanaa na ina kaharufu ka limau, maua ya hopsi yale yale ya kwenye bia (hailevyi, msianze), na majani ya pasheni, sio hii ya juisi yetu ila ni ndugu yake.

Sasa wengi wanaoiponda hawajui kuiandaa, anachovya tibegi mara mbili anatoa afu analalamika. Maji yachemke haswa, mimina, funika na kisosi usije ukapoteza harufu ya melisa kwenye mvuke, subiri dakika 10 mpaka 15, kamua kifuko, kunywa nusu saa kabla hujalala. Asali sawa. Maziwa hapana jamani, kuna mtu nimemwona anatia maziwa na tangawizi nikabaki nimeduwaa.

Inalaza? Sio kidonge. Siku ya kwanza itakupeleka chooni tu basi, inataka uinywe mfululizo wiki mbili hivi, na mimi nilichoona zaidi ni kile kichwa cha kurudiarudia mambo ya kazini kupoa, usingizi ukaja wenyewe taratibu. Ukishainywa usishike usukani, watoto chini ya miaka 12 wasipewe, na kama unameza dawa za usingizi muulize mfamasia kwanza.

Nyota nne, ya tano nimeinyima kwasababu uzi wa tibegi ni mfupi unazama kikombeni kila saa. Na wenye paka fichieni boksi, wanaupenda huo mzizi vibaya mno.