Uzi wa Kofia ya Mtoto Nisiyemjua

Tangu mwezi wa nne nimefuma kofia 41 kwa ajili ya wodi ya watoto njiti hapa Mbeya, na sijawahi kumwona hata mmoja wa watoto waliozivaa. Wodi hiyo haipokei wageni, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa sababu hiyo, yale yote ambayo mfumaji humuuliza anayemfumia, kama vile ukubwa wa kichwa, rangi aipendayo, au iwapo sufu humwasha, ilinibidi niyatafutie majibu kwa muuguzi na kwa muuza nyuzi. Ninachokipima hapa ni duka dogo la nyuzi ninakonunua, pamoja na uzi wake wa akriliki wa unene wa kati, ambao nimeutumia kwa kofia 38 kati ya hizo.

Nilipoingia dukani mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilitaka sufu, kwa kuwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba haina mzaha, na sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Mama muuzaji aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: "Mwanangu, hizo kofia zitafuliwa na nani?" Nilimjibu kwamba sijui. Akaniambia niende kwanza nikaulize, ndipo nirudi kununua. Muuzaji anayemrudisha mteja akiwa na fedha mkononi ni wa kuheshimiwa, na kwangu swali lile peke yake lina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Muuguzi alinieleza kwamba nguo za wodini hulowekwa katika maji yenye klorini, kisha hufuliwa kwa maji ya moto pamoja na nguo nyingine. Nilirudi dukani na jibu hilo, nikanunua donge moja la akriliki. Nyumbani nilifuma vipande viwili vya majaribio vyenye upana wa kiganja, kimoja kwa uzi huo na kingine kwa sufu niliyoipata kwa kufumua sweta la mtumba, nikavipitisha vyote katika klorini na maji ya moto mara tatu. Kile cha sufu kiligeuka manjano, kikasinyaa na kuwa kigumu kama kipande cha blanketi kuukuu, wakati kile cha akriliki kilitoka na ukubwa uleule, laini, kikiwa kimepauka kidogo tu. Jambo moja la kuangalia ni pasi: nilipoigusisha pasi ya moto kwenye kona ya kipande cha akriliki, kona hiyo ililegea na haikurudi tena katika umbo lake. Kofia hizi hazipaswi kupigwa pasi, na nimeandika hivyo kwenye kila mfuko niliopeleka.

Kwa anayetilia shaka aina ya uzi anaouziwa, mama huyo hukata kipande kifupi na kukiwasha kwa kiberiti mbele ya mteja. Akriliki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, ilhali sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika vidoleni. Sijaona duka jingine linalofanya hivyo bila kuombwa.

Kuhusu ukubwa, hapa ndipo kumfumia mtu usiyemjua kunapohitaji akili zaidi. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, lakini mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, anaweza kuwa na kichwa kidogo kuliko hicho kwa sentimita nyingi. Muuguzi hakunipa namba. Alisema, "Dada, nusu zifume za kulitosha chungwa, na nusu za kulitosha balungi." Tangu siku hiyo kuna chungwa na balungi mezani pangu, na kila kofia huvalishwa tunda lake kabla ya kufungwa vitanzi vya mwisho. Kwa sindano namba 8, uzi huu hunipa vitanzi 22 katika sentimita 10, hivyo vitanzi 56 vinalitosha chungwa vizuri na 68 vinalitosha balungi. Kipimo hicho hakikubadilika kutoka donge la kwanza hadi la sita, na kwa uzi wa bei hii hilo ni jambo la kusifiwa.

Usahihi huo si urembo. Katika matunzo ya kangaroo, yaliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, mtoto hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi, soksi na kofia tu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza akae hapo kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Kifua cha mama hupasha mwili joto, lakini kichwa hubaki nje. Kofia ikipwaya huvuka, na ikibana huacha alama kwenye ngozi nyororo kupita kiasi. Kofia mbili za mwanzo zilirudishwa kwangu kwa sababu ukingo ulibana. Kosa lilikuwa langu la kukaza mkono na halikutokana na uzi, nikazifumua na kuzianza upya.

Dosari za duka ni mbili, na zote zinatokana na tabia ya kununua uzi kwenye koni kubwa na kuukunja upya katika madonge ya gramu 100. Kwanza, madonge hayana karatasi wala namba ya rangi, hivyo krimu niliyonunua mwezi wa nne si krimu niliyopewa mwezi wa tano, na kofia moja ina mstari unaoonekana wazi mahali nilipounganisha. Pili, na hili ndilo lililoniudhi, ndani ya donge moja nilikuta mafundo matatu. Katika sweta la mtu mzima fundo ni kero ndogo, lakini katika kofia ya mtoto asiyezidi kilo moja na nusu fundo hulala moja kwa moja juu ya fuvu. Nililazimika kukata uzi kila mara na kuficha ncha kwa sindano ya mkono.

Nyekundu msiinunue kwa kazi hii, maana ilichuja rangi katika maji ya moto. Krimu, kijani na bluu hazikuchuja. Bei ni shilingi 3,500 kwa donge, na donge moja hutoa kofia saba ndogo, au sita kubwa. Sindano za ncha mbili za kufumia mviringo bila mshono hazipatikani hapo, nami natumia za mama yangu.

Jumamosi nitarudi kuchukua madonge manne ya krimu. Nimemwomba mama anikunjie yote kutoka koni moja nikiwa nimesimama pale, na kila anapofikia fundo, akate.