Mashine ya kufyekea ya vinyundo, mita 1.75: inafaa wapi na inaharibiwa na nini

Kwa mwenye shamba la parachichi, maembe, korosho au machungwa na trekta ya hosipawa 50 hadi 75, mashine ya kufyekea ya vinyundo ni kifaa bora kuliko slasha ya trekta (ile ya visu vinavyozunguka kwa ulalo), ila dereva lazima awe tayari kuihudumia kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Slasha huvumilia uzembe, hii haivumilii hata kidogo. Tunazungumzia zile za daraja la kati, upana wa mita 1.75, zinazofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta na kuzungushwa na PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, wa mizunguko 540 kwa dakika. Nyingi zilizopo sokoni hutoka Italia na China, na umbo lake linafanana kiasi kwamba matunzo ni yaleyale.

Ndani ya boma la chuma kuna rota, yaani bomba nene lililolala upana wote wa mashine, na juu yake vimening'inizwa vinyundo kwa bolti. Giaboksi huongeza kasi, mikanda ya pembeni huipeleka kwenye rota, na rota huzunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Ikiwa ncha za vinyundo zinachora duara la sentimita 45, basi kila ncha inakwenda mita 47 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kinyundo hujinyoosha chenyewe na kukata, na kikigonga jiwe hujikunja kurudi nyuma. Majani hupigwa mara kadhaa kabla ya kutoka. Ndiyo maana mabua ya mahindi hutoka yakiwa vipande vifupi vilivyotandazwa sawasawa, wakati slasha huyaacha marefu na kuyarundika mstari mmoja. Anayepanda bila kulima ataiona faida hiyo msimu unaofuata, kwa sababu mashine ya kupandia hainasi kwenye mabua. Matawi ya parachichi yaliyopogolewa, unene wa sentimita 3 au 4, nayo husagwa palepale kati ya mistari na kubaki kuwa matandazo.

Kufungua pori si kazi yake. Visiki, mawe makubwa na vichaka vyenye shina nene kuliko kifundo cha mkono vitaimaliza mapema. Shamba la namna hiyo lisafishwe kwanza kwa njia nyingine.

Kuhusu nguvu, hesabu hosipawa 25 hadi 30 kwa kila mita ya upana ikiwa majani ni mazito. Trekta kama Massey Ferguson 240, yenye hosipawa 50, itaivuta kwenye nyasi za kawaida ila itachoka kwenye matete, na mbele itakuwa nyepesi kwa sababu mashine nzito za upana huu hupita kilo 400. Funga uzito wa mbele. MF 375 au New Holland TT75 hazitalalamika. Kabla ya kununua pima pia upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi wa nyingine. Mashine ikiwa nyembamba kuliko hapo, tairi italaza majani ambayo vinyundo havitayafikia.

Hitilafu kubwa ya kwanza hutokea siku ya kuifunga, na chanzo chake ni shafti ya PTO iliyoletwa ndefu na kufungwa hivyohivyo. Mikono ikinyanyuliwa, shafti hugota na kusukuma beringi za PTO upande mmoja na giaboksi upande wa pili, na kimojawapo lazima kipasuke. Funga mashine bila shafti, inyanyue na kuishusha polepole, utafute mahali ambapo PTO na giaboksi zimekaribiana kuliko pote. Hapo shafti ibakiwe na nafasi ya angalau sentimita 2.5 kabla ya kugota. Mahali zilipoachana kuliko pote, nusu mbili za shafti ziingiliane angalau theluthi ya urefu. Ukilazimika kukata, kata mabomba yote mawili na kava zake za plastiki kwa kipimo kilekile, piga tupa kingo, futa unga wa chuma, paka grisi. Kava zirudishwe na minyororo yake ifungwe, kwa sababu shafti iliyo uchi hunasa nguo na kumvuta mtu kabla hajapata hata nafasi ya kupiga kelele.

Fungua pia kizibo cha giaboksi kabla ya mzunguko wa kwanza. Baadhi ya mashine hufika na mafuta kidogo mno au bila mafuta kabisa. Jaza oili ya gia ya EP (inayohimili mgandamizo mkubwa), SAE 90 au 80W-90, hadi ifike kwenye tundu la kupimia. Imwage baada ya saa 50 za kwanza, maana ndizo zenye unga wa chuma wa gia mpya, kisha ubadilishe kila saa 500 au mara moja kwa mwaka.

Mikanda ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na mara nyingi kosa si la mkanda. Mkanda mpya hulegea haraka. Ukague baada ya saa moja au mbili za kazi, halafu kila siku kwa wiki ya kwanza. Bonyeza katikati kwa kidole gumba: uingie milimita 10 hadi 15. Ukilegea zaidi utateleza, utapata joto, na utaanza kusikia harufu ya mpira na kuona vumbi jeusi ndani ya kava. Ukikazwa kupita kiasi utaziua beringi za giaboksi na za rota. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya nyuso za puli zote mbili. Isipogusa sawasawa, puli moja imesogea, na mikanda itaendelea kulika upande hadi uirekebishe. Badilisha seti nzima kwa mara moja. Mkanda mmoja mpya kati ya mitatu ya zamani utabeba mzigo wote peke yake na utakatika.

Sasa vinyundo, ambako mashine nyingi huanza kuharibika bila mwenyewe kujua. Chukua kinyundo cha kilo 1 ambacho uzito wake uko sentimita 18 kutoka katikati ya rota. Kwa mizunguko 2,000 kinavuta kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 800 hivi. Kikiwepo, wenzake wa upande wa pili hukisawazisha. Kikikatika, mzigo huo wote huanza kuzipiga beringi mara 33 kwa sekunde. Hakuna beringi ya kustahimili hilo, na nyufa kwenye boma hufuata. Kwa hiyo mtetemo ukianza ghafla, zima PTO papo hapo, usimalizie mstari. Kinyundo kilichopotea au kuvunjika kibadilishwe pamoja na cha upande wa pili wa rota, na viwili hivyo vipimwe kwenye mzani wa jikoni: tofauti isizidi gramu 10. Bolti ziwe za daraja la 10.9 au kama alivyoagiza mtengenezaji, na nati za kujifunga ziwe mpya. Baada ya kukaza, kinyundo kibembee kwa mkono bila kukwama. Kuongezea chuma kwa kuchomelea kwenye kinyundo kilicholika ni kosa, kwa sababu huharibu uzito wake na pia ugumu uliopatikana kiwandani.

Beringi za rota zipewe grisi kila saa 8, pampu mbili au tatu, baada ya kufuta nipeli ili usisukume mchanga ndani. Adui yake mwingine ni vitu vinavyojizungushia kwenye ncha za rota: kamba za katani, viroba vya mbolea na, kwenye mashamba ya umwagiliaji, mipira ya matone. Vikijikaza pale huleta joto, huyeyusha sili, grisi hutoka na vumbi huingia. Chungulia ncha zote mbili kila jioni na ukate kilichonasa. Ukizima na kuona huwezi kuacha kiganja juu ya nyumba ya beringi, beringi hiyo ibadilishwe kabla haijasimama ndani ya shamba.

Rola ya nyuma ndiyo inayopanga kimo, kwa hiyo usikipange kwa kubana haidroliki. Kwenye bustani ya miti sentimita 5 hadi 8 inatosha. Vinyundo vikigusa udongo hubutuka ndani ya saa chache, injini huzidiwa na mawe huanza kuruka. Beringi za rola huishi kwenye tope, nazo zinastahili grisi kama za rota.

Kasi iwe kilomita 3 hadi 5 kwa saa, na PTO ifikishwe kwenye alama ya 540 kabla ya kuingia majanini. Kwa kilomita 4 kwa saa, ukitoa mageuzo, tarajia karibu eka 1.4 kwa saa. Majani yakizidi kiuno, pita mara mbili: ya kwanza juu, ya pili chini. Usinyanyue mashine rota ikiwa inazunguka, usifungue mapazia ya mpira au ya minyororo, na watu wakae mita 50 au zaidi. Rota huendelea kuzunguka kwa muda baada ya PTO kuzimwa, kwa hiyo toa ufunguo, subiri isimame kabisa, kisha weka magogo imara chini ya boma kabla ya kuingiza mkono.

Vipuri vinapatikana ukiwa na namba. Beringi na mikanda ni ya vipimo vya kawaida, hivyo nakili namba iliyochongwa kabla haijafutika, na maduka ya Kariakoo au ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, yatakutafutia. Vinyundo ni vigumu zaidi kulinganisha: nenda na sampuli, pima tundu la bolti, upana na uzito, na ununue seti ya akiba siku ileile unayonunua mashine. Dukani tazama kama nipeli zote zinafikika bila kufungua kava, kama giaboksi ina klachi ya kuachia ili mzunguko wa rota usiisukume trekta unapokanyaga klachi, na kama boma lina unene wa milimita 4 au zaidi. Kisha omba izungushwe kwenye trekta hadi 540. Ikitetemeka ikiwa mpya na vinyundo vyake vyote, rota haikusawazishwa kiwandani. Usiichukue, hata kwa punguzo.